Sensa ya Mafuta ya Lori: Wizi Inauona, Mlima Haiuoni

Huduma yenyewe inajulikana. Fimbo ya sensa inachomekwa ndani ya tangi la dizeli, kisanduku cha GPS kinafichwa nyuma ya dashibodi, laini ya simu inatuma taarifa, na kila asubuhi meneja wa usafirishaji anafungua kompyuta kuona gari limekula lita ngapi na limetembea kilometa ngapi kwa lita. Wenye malori wanauziwa kama dawa ya mafuta yanayopotea, na siku hizi ndiyo inayotoa ile namba ambayo dereva anaitwa ofisini kuitolea maelezo. Hapa tunaipima kwa njia za kanda ya kati: kupanda kutoka Morogoro kupitia Gairo hadi Dodoma, kupita Bahi na kupanda Saranda kwenda Manyoni, kisha Singida hadi mteremko wa Sekenke.

Tuseme mapema tulikofikia. Kwa kazi ya kujua mafuta yametoka kwenye tangi wapi na saa ngapi, sensa hii inastahili fedha yake, mradi imefungwa na mtu makini. Kwa kazi ya kutenganisha dereva mzuri na mbaya, haitoshi hata kidogo ikiachwa peke yake. Kampuni inayokata mshahara wa dereva kwa kutazama kilometa kwa lita tu inamdhulumu, na wakati mwingine inamsukuma kufanya mambo ya kuua barabarani.

Fimbo na tangi

Fimbo ni mirija miwili ya alumini, mmoja ndani ya mwingine, na dizeli inapanda katikati yake. Dizeli ikipanda au kushuka, uwezo wa mirija hiyo kushika chaji ya umeme unabadilika, na kichwa cha sensa kinageuza badiliko hilo kuwa namba. Ni chombo rahisi na kizuri, kinachoacha mbali sana boya la geji ya gari, ambalo huwa halisomi vizuri tangi likikaribia kujaa wala likikaribia kwisha. Adui yake ni maji. Uwezo wa maji kushika chaji ni karibu mara 40 ya ule wa dizeli, kwa hiyo maji kidogo yaliyotulia chini ya tangi yakifika kwenye ncha ya fimbo, namba zinaruka ovyo. Ndiyo maana fimbo hukatwa iishie kama sentimeta 2 juu ya sakafu ya tangi, na tangi linatakiwa kumwagwa maji na tope kabla ya kufungwa chochote.

Sasa hesabu ambayo kila mwenye gari aijue. Chukua tangi la kawaida la kichwa cha lori: urefu sentimeta 150, upana 65, kina 65. Hilo ni tangi la lita 630 hivi. Ndani yake, kila sentimeta moja ya kina ni karibu lita 10. Fimbo ikikosea sentimeta moja, umekosa lita 10.

Ndipo unapoona kwa nini mahali pa kutoboa ni muhimu kuliko chapa ya sensa. Fimbo ikae katikati ya tangi, kwa urefu na kwa upana. Fundi mwenye haraka hutoboa pembeni, pale mkono unapofika kwa urahisi. Fimbo ikiwa sentimeta 30 nje ya katikati, gari likaegeshwa kwenye mwinuko wa asilimia 5, uso wa dizeli pale kwenye fimbo unapanda au kushuka sentimeta moja na nusu. Hiyo ni lita 15 zimeonekana kuingia au kutoka, wala hakuna aliyegusa kifuniko. Dereva aliyelala sehemu ya mwinuko anaamka na kesi.

Utoboaji nao una adabu zake. Tangi liondolewe dizeli, lisafishwe, na pasiwepo cheche karibu. Biti ya drili ipakwe grisi ili chembe za chuma zigande hapo, na zilizodondoka ndani zitolewe zote, kwa sababu matangi mengi ni ya alumini na sumaku haitazivuta. Chembe zikibaki, hazikawii kufika kwenye filta, na zikipenya mbele zaidi zinamaliza pampu na nozeli. Gari litakula mafuta kuliko lilivyokula kabla ya sensa, na lawama itamwangukia dereva.

Baada ya hapo ni kalibresheni, yaani kulifundisha tangi lijisome. Hapa ndipo huduma nzuri inapojitenga na mbovu. Gari lisimame kwenye zege bapa. Mafuta yatolewe yote. Yamiminwe lita 20, kwa kipimo kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo, uso utulie kama dakika moja, namba ya sensa iandikwe. Kisha lita 20 nyingine, na nyingine, hadi tangi lijae. Tangi la lita 600 linatoa mistari 30. Gari lenye matangi mawili linahitaji sensa mbili na majedwali mawili, hata kama matangi yameunganishwa kwa bomba la chini, kwa sababu gari likiinama upande, mafuta yanahamia tangi la upande huo. Ni kazi ya nusu siku.

Njia ya mkato inayotumiwa ni kunakili jedwali la gari jingine "kwa kuwa matangi yanafanana". Hayafanani. Tangi moja limebonyea chini lilipogonga jiwe, jingine limechomelewa kiraka, jingine pembe zake ni za duara kuliko za mwenzake. Hatua ya lita 20 ipo kwa ajili ya tofauti hizo hizo.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio. Chota lita 40 tangi likiwa limejaa, uzirudishe. Chota tena likiwa nusu, na tena likiwa chini ya robo. Wauzaji wanaahidi kosa lisilozidi asilimia 1 ya tangi, yaani lita 6 kwa tangi la 600. Basi ukurasa wa kompyuta ukionyesha kati ya 34 na 46, kazi imefanyika. Ukionyesha 25 au 55 katika ngazi yoyote kati ya hizo tatu, arudie jedwali. Fundi anayekataa jaribio hili asifungue hata sanduku la vifaa.

Kosa jingine la kawaida ni waya. Malori yanatumia volti 24, na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chesisi) iliyobanwa kwenye bolti yenye rangi au kutu inaleta namba za kucheza kila alternata inapofanya kazi kubwa. Ukiona grafu iko shwari injini ikiwa imezimwa, halafu inatetemeka kama nywele mara tu injini inapowaka na gari bado limesimama, anza na ethi.

Inachokiona vizuri

Grafu nzuri inasomeka hata na mtu asiye fundi. Gari likitembea, mstari unateremka taratibu wenye ukungu mdogo wa mafuta yanayochezacheza. Kujaza ni ukuta wima kwenda juu. Kunyonya mafuta gari likiwa limezimwa ni ngazi ya ghafla kwenda chini, na pembeni yake kuna saa na mahali kwenye ramani. Kwa hilo sensa haina mpinzani. Inaona pia upande ambao wenye magari wengi wanausahau: kituo cha mafuta. Risiti ikisema lita 300 na tangi likasema 296, hilo liko ndani ya kosa la sensa. Risiti ikisema 300 na tangi likasema 278, mara mbili tatu kwenye kituo kile kile, wa kuulizwa kwanza ni mwenye pampu. Dereva mwaminifu anapata ushahidi ambao hakuwa nao zamani, na hilo peke yake ni sababu ya madereva kuipokea sensa badala ya kuichukia.

Lakini kuna mambo matatu yanayozaa wezi wa uongo.

La kwanza ni joto. Dizeli inatanuka kwa kiasi cha asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 600 zikipanda nyuzi 15 zinaongezeka karibu lita 7 na nusu. Usiku wa Juni na Julai Dodoma una baridi kweli, na mchana jua linapiga. Tena mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanaingia tangini yakiwa ya moto. Gari likisimama saa kumi na mbili jioni tangi likiwa na joto, hadi alfajiri mstari umeshuka lita 7 bila tone kumwagika. Ngazi ya wizi ni ya dakika chache. Hii ya baridi ni mteremko wa usiku kucha. Anayesoma grafu lazima ajue kuzitofautisha.

La pili ni kiwango cha kengele. Kengele ikiwekwa lita 5, meneja atapata ujumbe kila siku, na baada ya wiki mbili hatausoma tena. Kwa tangi la 600, weka lita 20 kwa gari lililozimwa. Ukitaka kushuka chini ya hapo, hakikisha kwanza fimbo iko katikati na wastani wa usomaji umewekwa vizuri.

La tatu ni saa. Mitambo mingi hutunza taarifa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Asiporekebisha aliyeifunga, tukio la saa sita usiku linaandikwa 21:00, na dereva anaulizwa alikuwa akifanya nini saa tatu usiku wakati gari lilikuwa kwenye foleni ya mzani wa Nala. Vilevile mtandao ukikatika, kama kwenye pori la kutoka Itigi kwenda Rungwa, kisanduku kinahifadhi taarifa na kuzituma baadaye. Angalia saa ya tukio, achana na saa ya ujumbe kufika.

Na kuna wizi ambao fimbo haiukamati kwa ngazi: wa kidogo kidogo injini ikiwa inawaka. Kwenye grafu unaonekana kama ulaji mkubwa tu. Shida ni kwamba breki inayoshika, tairi lenye upepo mdogo na hozi ya tabo (mashine inayoshindilia hewa kwenye injini) iliyopasuka vyote vinaonekana hivyo hivyo. Namba ni moja, sababu ni kumi. Hapo ndipo ofisi nyingi zinaruka moja kwa moja kwenye sababu ya kwanza.

Mlima

Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Injini nzuri ya lori inageuza kama asilimia 40 yake kuwa nguvu ya kusukuma gari, yaani megajuli 14 na kidogo. Ukijua namba hiyo moja, unaweza kupiga hesabu ya mlima wowote.

Kutoka Bahi, chini kwenye bonde la ufa, hadi Manyoni juu, gari linapanda karibu mita 400. Kunyanyua tani 50 kwa kimo hicho kunahitaji megajuli 196. Hizo ni karibu lita 14 za kunyanyua peke yake. Hujahesabu msuguano wa tairi wala upepo. Hakuna mguu wa dereva, hata awe mwepesi namna gani, utakaozikwepa lita hizo.

Chukua sasa safari nzima. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na Dar es Salaam iko baharini. Lori la tani 50 kwa ujumla wake, likileta saruji Dodoma, linatumia karibu lita 38 kwa kimo tu. Kwa kilometa 450 hivi, kwa ulaji wa kilometa 2 kwa lita, safari hiyo inakula lita 225. Yaani zaidi ya lita moja katika kila sita ni ya kulipandisha gari kutoka pwani.

Linganisha madereva wawili wa kampuni moja. Wa kwanza anapanda na saruji, anarudi mtupu. Wa pili anapanda mtupu, anapakia mahindi Dodoma na kushuka nayo. Gari tupu lina tani 18 hivi. Kulipandisha mita 1,100 ni lita 14 hivi. Tayari mwenzake wa saruji ametumia lita 24 zaidi kwenda juu, na yule wa mahindi anateremka na mzigo unaomsukuma. Kilometa ni zile zile, magari yanafanana, mizigo ina uzito mmoja. Mwisho wa mwezi ripoti inawapanga kwa mstari mmoja: wa mahindi kijani, wa saruji nyekundu. Hapo ofisi imepima ratiba ya mizigo iliyoipanga yenyewe.

Matuta nayo yana gharama yake. Tani 50 zikiwa kwenye mwendo wa kilometa 70 kwa saa zimebeba nishati ya kama lita 0.6 na zaidi ya dizeli. Kila mara gari linaposhuka kutoka 70 hadi kukaribia kusimama, nishati hiyo inaishia kwenye ngoma za breki kama joto, na lazima inunuliwe upya. Mara 30 ni karibu lita 20. Kuanzia Dumila hadi Dodoma kuna vijiji vingi vyenye kikomo cha kilometa 50, matuta na vivuko vya watoto wa shule. Dereva mzuri anaokoa sehemu kwa kuona mbali na kuachia resi mapema, gari lijipunguze lenyewe likiwa kwenye gia. Sehemu tu, si yote.

Alama za dereva: sehemu mbaya ya huduma hii

Pamoja na lita, huduma nyingi zinauza alama. Dereva anaanza na 100, anakatwa kwa mwendo mkali, breki ya ghafla, mizunguko mikubwa ya injini na muda wa kukaa sailensa, yaani injini ikiwaka gari likiwa limesimama. Wazo ni zuri, ila hesabu yake imetengenezewa barabara tambarare.

Tazama Sekenke. Dereva anayejua kazi anaingia mteremko akiwa ameshapunguza mwendo juu, ameweka gia ya chini, eksosi breki (inayoziba njia ya moshi ili injini ilizuie gari) imekamata, injini inanguruma kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,000 kwa dakika. Hivyo ndivyo tani 50 zinavyoteremshwa salama, breki za magurudumu zikibaki za baridi kwa dharura. Na katika hali hiyo injini ya kisasa haichomi dizeli hata kidogo: gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya resi, nozeli zinafungwa kabisa. Lakini kompyuta inaona mizunguko 2,000 na kumkata alama za "kukanyaga sana". Inamwadhibu kwa kitendo kile kile kinachomrudisha kwao akiwa hai.

Dereva aliyebanwa na namba anajifunza nini? Anajifunza kuweka nyutro. Mizunguko inashuka hadi 600, grafu inakuwa nzuri, alama zinarudi. Tunalisema hili kwa uzito wote tulio nao: nyutro kwenye mteremko ni kifo, na tena haiokoi mafuta. Injini iliyo nyutro inabaki kula mafuta ya sailensa, wakati iliyo kwenye gia haili kitu. Hakuna breki ya injini, hakuna eksosi breki inayofanya kazi. Kila kitu kinabebwa na ngoma na laini za breki. Ngoma zinapata moto, laini zinapoteza mshiko, kanyagio linakanyagwa tena na tena hadi upepo wa matangi unashuka kuliko kompresa inavyoujaza. Kutoka hapo gari halirudi tena kwenye gia. Meneja yeyote mwenye magari yanayopita Saranda au Sekenke aifute alama ya mizunguko kwa sehemu za miteremko leo, kabla hajasoma aya inayofuata, na badala yake aweke kengele ya nyutro: gari linakimbia zaidi ya kilometa 40 kwa saa huku mizunguko iko chini ya 700.

Sailensa nayo isomwe kwa akili. Injini ya lita 12 au 13 inakula kama lita 2 hadi 3 kwa saa ikiwaka gari likiwa limesimama. Kulala usiku mzima na injini inawaka ili kiyoyozi kifanye kazi ni lita 15 na zaidi, na hilo dereva aambiwe ukweli wake. Lakini dakika chache za asubuhi za kujaza upepo wa breki ni lazima, na dakika mbili tatu za kupoza tabo baada ya kupanda mlima na mzigo ni lazima pia. Ukizima ghafla, oili inasimama kwenye tabo iliyo ya moto na kuungua humo humo. Mruhusu dereva dakika 5 kila anapowasha na kabla ya kuzima, bila kukata alama. Na foleni ya mzani au ya kushusha mzigo isiandikwe kwa jina la dereva.

Kabla ya kumwita dereva ofisini

Ulaji ukipanda ghafla kwenye gari ambalo lilikuwa sawa, anza chini ya gari. Tairi za 315/80R22.5 zenye mzigo kamili zinataka upepo wa kama psi 120, ukipimwa asubuhi zikiwa baridi. Zikishapata moto njiani zitasoma juu zaidi, usizipunguze. Upepo ukipungua kwa asilimia 10, ulaji unapanda kwa karibu asilimia 1, na tela lenye tairi kumi na mbili zilizosahauliwa linakula bila mtu kujua. Pima zote, hasa la ndani kwenye jozi, ambalo mtu wa upepo hulikwepa kwa sababu kichwa cha kujazia hakilifikii vizuri. Dawa ni kulifungia hozi ndefu ya valvu.

Halafu breki zinazoshika. Endesha kilometa 10 hadi 15 tambarare bila kugusa breki sana, simama kwa kuliachia gari, kisha pita gurudumu kwa gurudumu ukisogeza kiganja karibu na ngoma bila kuigusa. Linalotoa joto kuliko wenzake linashika. Mara nyingi ni slaki ajasta (mkono wa kurekebisha breki) iliyokazwa kupita kiasi au chemba ya breki isiyorudi.

Moshi mweusi wakati wa kupanda unasema hewa haitoshi. Vumbi la njia zisizo na lami linajaza filta ya hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Usiigonge kwenye tairi wala kuipuliza kwa upepo wa kompresa, karatasi yake inatoboka na vumbi linaingia kwenye silinda. Kama filta ni safi, pakaza maji ya sabuni kwenye hozi za kutoka tabo hadi interkula, yaani kipoza hewa, huku mtu anapandisha resi. Mapovu yakitokea, umepata lita zako. Nozeli zije baada ya hapo, maana ndizo za gharama.

Mwendo ni wa dereva kweli, na hapo ana la kujibu. Sheria inampa lori kikomo cha kilometa 80 kwa saa. Kati ya 70 na 80 upinzani wa upepo unaongezeka kwa karibu asilimia 30, na turubai lililolegea linaongeza zaidi. Kupandisha gia mapema na kubaki katikati ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa injini nyingi za Ulaya, au juu kidogo ya hapo kwa injini za Kichina za aina ya WD615, ni ustadi unaoonekana kwenye tangi. Haya mtu anafundishwa, na dereva mzoefu akikaa kiti cha pembeni kwa safari mbili anafundisha kuliko barua kumi za onyo.

Lengo la lita liwekwe kwa gari, njia, uelekeo na uzito, si kwa kampuni nzima. Chukua safari nane au kumi za gari lile lile, uelekeo ule ule, uzito unaokaribiana kwa tiketi za mzani, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, na iliyo katikati iwe kipimo. Safari ikizidi asilimia 10, gari likaguliwe kwanza. Kupanda na kushuka viwe mistari miwili tofauti kwenye ripoti. Huduma isiyoweza kutenganisha hivyo haifai kwa barabara za huku.

Na kuhusu kukata mshahara, sheria ipo wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike sababu, kiasi na namna alivyopiga hesabu. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Chapisho la kompyuta lenye rangi nyekundu halijaonyesha kosa la mtu yeyote. Dereva aliyekatwa bila hatua hizo ana haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wa kununua na wa kuacha

Mwenye lori moja au mawili anayeendesha mwenyewe au na ndugu yake, aache. Kipimo cha fimbo ya mkono, tangi likijazwa hadi mdomoni mwanzo na mwisho wa safari, na daftari la kilometa vinamtosha, na fedha ya sensa inunue geji nzuri ya upepo na filta. Mwenye magari matano na kuendelea, yanayolala njiani, anunue. Gari la kisasa lenye kompyuta ya injini liunganishwe na kompyuta hiyo pia, kwa sababu lita zilizochomwa na injini zikilinganishwa na zilizopungua tangini, tofauti yake ndiyo iliyopotea. Hapo ndipo ule wizi wa kidogo kidogo unapokosa pa kujificha, na breki inayoshika inaacha kuitwa mwizi.

Kwenye mkataba, dai manne: jedwali la kalibresheni likiwa kwenye karatasi, nakala moja ofisini na moja ndani ya gari, kalibresheni mpya bila malipo tangi likifunguliwa au kubadilishwa, saa za Afrika Mashariki kwenye kila ripoti, na nywila ya dereva, ili aone grafu ya gari lake, ile ile anayoiona meneja, siku ile ile.